Nesi wa Wageni

Mikumi walimwita Nesi wa Wageni, na jina hilo halikumfurahisha. Kwanza alikuwa amestaafu unesi, hakutaka mtu amsimamishe barabarani amwonyeshe jipu. Pili, alisema mgeni ni mtu anayeondoka kesho, na watu wake hawakuwa wa kuondoka kesho. Walikuwa mafundi, watafiti, mameneja wa hoteli za mbugani, wataalamu wa umwagiliaji kutoka mashamba ya miwa ya Kidodi na Ruaha. Watu waliokuja na mikataba ya miaka na masanduku makubwa. Baadhi yao walikuja na wake zao au waume zao, ambao hawakuwa na mkataba wala kazi wala mtu wa kuongea naye. Hao ndio waliokijaza chumba chake, alimosikiliza shida za moyo.

Nilikuwa mkalimani wake kwa miaka sita. Kazi yangu ya siku zote ni kufundisha wageni Kiswahili, na yeye alinichukua mchana wa Jumanne na Alhamisi. Nitamweleza kadiri ninavyomkumbuka, bila kufuata mwaka wala mwezi, na wageni nitakaowagusa nimewabadilisha vya kutosha wasijulikane. Lakini kuna jambo langu mwenyewe limeingia humu, na afadhali niliseme mapema. Kwa miaka minne ya ile sita mke wangu, Mama Neema, alikuwa Ujerumani akitunza wazee. Mkataba wake ulipokaribia kwisha aliniuliza kwenye simu: nirudi au niongeze? Nikamjibu, fanya unavyoona. Aliniuliza mara tatu, na mara zote tatu nilimjibu hivyohivyo, wakati moyoni nilitaka arudi hata kwa gari la usiku huohuo.

Chumba cha Nesi kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara kuu. Malori ya Zambia yalipita pale mchana kutwa, na kila lilipopita kubwa vikombe vilitetemeka mezani. Wageni wa mara ya kwanza walidhani amekosa mahali patulivu. Ukweli ni kwamba alipachagua. Mikumi ukiongea kwa sauti ya chini jirani anasogeza kiti. Kando ya malori hata akisogeza haambulii kitu. Mwenye duka alijaribu kusikiliza mwezi wa kwanza, akachoka, akarudi kwenye misumari yake.

Ndani kulikuwa na viti viwili, meza, chupa ya chai ya tangawizi, na nyungo mbili. Nyungo ndizo zilizowashangaza watu. Mgeni akishakaa, Nesi alimwekea ungo mapajani, akamimina mchele kidogo, akamwonyesha namna ya kuchambua mawe na chuya. Kisha naye akachukua wake, wakaanza. Alisema mtu akitazamwa usoni anatengeneza uso, lakini akiwa anatafuta mawe kwenye mchele hana nafasi ya kutengeneza chochote. Fundi mmoja wa mitambo, jitu la mtu, alinigeukia akaniuliza kama amekuja kutibiwa au kusaidia jikoni. Nikatafsiri. Nesi hakuinua kichwa.

"Mwambie leo tuanze na jikoni."

Bwana yule alichambua mchele miezi mitano. Alipoondoka nchini alibeba ungo mkononi hadi kwenye ndege, na aliandika baadaye kwamba walimhoji uwanjani kuhusu kifaa hicho. Mchele uliochambuliwa Nesi aliupika kwake, na sidhani kama kuna nyumba nyingine Mikumi iliyokula wali msafi kama ule.

Kiingereza alikijua. Alisoma vitabu vyake vya afya ya akili akipiga mistari kwa penseli, na mara nyingi nilimwona akitabasamu kabla sijafungua mdomo kutafsiri. Lakini hakukisema. Nilimuuliza sababu, akanijibu kama mtu aliyekuwa ameshalifikiria jambo hilo siku nyingi.

"Nikisema Kiingereza mimi nitakuwa kwenye mtihani, na yeye atakuwa msahihishaji. Mtu hawezi kunisahihisha halafu akalia mbele yangu."

Kwa hiyo alinihitaji, ila kwa masharti. Stuli yangu iliwekwa nyuma ya kiti cha mgeni, ili mgeni amtazame yeye wala asinitazame mimi. Na sikuruhusiwa kusema "anasema kwamba." Mwanamke akisema amechoka na mumewe, mimi mwanamume wa Kidodi mwenye ndevu zangu nilitakiwa kusema, "Nimechoka na mume wangu." Nesi alisema akisikia "anasema" anakumbuka kwamba tuko watatu, naye alitaka wawe wawili. Siku za mwanzo nilibana kicheko. Baadaye nikazoea, na baada ya kuzoea ikaanza kunichosha kwa namna nisiyoweza kuieleza. Kwa mchana mmoja nilikuwa nimeachwa, nimesaliti, nimemkumbuka mama yangu aliyezikwa nisipokuwepo. Mimi, mimi, mimi, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nikifika nyumbani napiga simu Ujerumani, Mama Neema ananiuliza hali, nasema nzuri, namuuliza hali, anasema nzuri, tunaongelea karo ya Neema na mvua.

Jambo moja kuhusu Nesi ni kwamba hakuwa mpole. Watu wakisikia mtu anatuliza nyoyo za wengine wanamwazia sauti laini na kichwa kilichoinamishwa upande. Nesi aligombana na waendesha bodaboda hadi wakawa wanapokezana kumbeba, leo wewe kesho mimi. Alikuwa Mwanglikana wa milimani, aliimba tenzi kwa Kikaguru akiwa anafua, lakini ukimkatiza katikati ya ubeti alikutazama kwa jicho ambalo halikuwa la ibada. Alifundisha wenye ndoa kusikilizana, na yeye mwenyewe hakuwa akiongea na dada yake kwa sababu ya shamba la ndizi. Nilithubutu kumkumbusha hilo siku moja. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wasifike huko," akaendelea kumenya tangawizi.

Tena hakushauri. Miaka sita sikumsikia hata mara moja akimwambia mgeni achana naye, au vumilia, au rudi kwenu. Aliuliza, akangoja. Kungoja kwake kulikuwa kazi nzito. Lori lingepita, lingefuata jingine, naye bado anangoja. Lakini jioni alitazama tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa Kiswahili, na humo alimwaga ushauri wote aliojizuia kutoa mchana. "Mwache huyo, hana akili. Mwanangu, fungasha." Binti yake aliwahi kuniambia kwamba majirani walijua mgonjwa wa siku hiyo alikuwa mgumu kiasi gani kwa kusikia Nesi anavyomfokea mwigizaji.

Kulikuwa na kanuni yake nyingine iliyotuletea balaa. Katika kazi ile mtu akija kwako habari zake hazitoki, na hata kuja kwake kusijulikane. Kwa hiyo Nesi alisema tukikutana na mgeni wetu sokoni tumpite kama hatumjui, mpaka yeye aanze. Kwenye vitabu ni kanuni nzuri. Mikumi kumpita mtu unayemjua bila salamu ni tusi, na kibaya zaidi mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wageni haohao kwamba hapa salamu ndiyo utu, kwamba mtu asiyekusalimia ana jambo na wewe. Mama mmoja mtafiti, aliyekuwa ameanza kulala vizuri baada ya majuma mengi, alimkuta Nesi kwenye nyanya. Nesi akageuza uso akaanza kuchagua vitunguu. Yule mama alikuja Alhamisi akiwa amevimba macho. Nilitafsiri: "Nimekukosea nini? Hata wewe umenichoka?"

Nesi aliweka ungo chini. Akasema pole, akasema kosa ni lake, na akalisema mara mbili ili nisilipunguze. Siku hiyohiyo akabadilisha kanuni. Kwa kuwa hatuwezi kuwanyima salamu watu wetu, na tukiwasalimu hao tu watajulikana, basi tutawasalimia wageni wote wa Mikumi bila kubagua. Alilitekeleza. Akipita barabarani alisalimia kila uso wa kigeni aliouona, wakiwemo watalii walioshuka kwenye magari kutafuta choo. Aliwashika mkono, akawauliza habari za nyumbani. Walidhani anauza vinyago. Mmoja alimwambia hapana asante, kabla hata hajafika.

Sijui nikumbuke lipi na lipi niliache. Labda la yule bwana wa nyumba ya kijani. Mkewe alikuwa na kazi nzuri ya utafiti, naye alimfuata, akabaki nyumbani. Kwao alikuwa seremala. Hapa hakuwa na kibali cha kufanya kazi, na dada wa kazi, kwa adabu aliyolelewa nayo, hakumruhusu kugusa kitu. Akishika ufagio ananyang'anywa. Akianza kuosha kikombe dada anakimbia kuja, "Acha baba, acha." Majirani waliomwona siku moja akifua shati lake walimwambia pole kwa huruma kubwa, wakaenda kunong'ona kwamba mkewe anamtesa. Bwana yule aliacha kutoka chumbani. Akaacha kunyoa. Kwetu alisema, na mimi nikasema, "Nimekuwa kitu kilichosahaulika kwenye gari."

Nesi hakumpa neno lolote la faraja. Alikwenda kwake kwa miguu, akaomba kuongea na dada wa kazi peke yake, jikoni.

"Mwanangu, unafanya kazi vizuri. Sasa baba mwachie vyombo."

"Mama, mimi nitaonekana mvivu."

"Utaonekana. Vumilia. Mwachie vyombo, na kile kiti kibovu pale usimwite fundi."

Kiti kilitengenezwa. Kikafuata kitanda cha dada, kisha mlango wa jirani, na ndoa ile iliyokuwa imefungasha masanduku ikayafungua tena. Nesi alifurahi kwa siku moja tu. Siku ya pili alikuwa tayari anamuwaza mwingine, msichana wa kujitolea aliyeondoka bila kuaga, ambaye alimwaza mpaka mwisho na hakuwahi kujua yaliyompata. Wale waliopona aliwasahau upesi. Wale walioondoka bila kuaga aliwakumbuka kwa majina na nguo walizovaa.

Sasa nifike kwangu. Sisi wa wilaya ya Kilosa tuna Ulaya yetu, kijiji kilichopo njiani ukitoka Mikumi kwenda Kilosa mjini. Mzee mmoja fundi cherehani, jirani yangu, aliniuliza mapema kabisa mbona hamwoni Mama Neema. Nikamwambia yuko Ulaya. Baada ya miezi akaniuliza tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bado yuko Ulaya?"

"Bado, mzee."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Sasa Ulaya hapo, mwanangu, panda pikipiki ukamchukue mkeo. Acha uvivu."

Nilipomweleza ni Ulaya ipi aliinamia cherehani yake kwa haya, nami nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikaipeleka hadithi kwa Nesi kama kichekesho. Hakucheka.

"Mzee amekuuliza swali zuri, Mwalimu. Amekosea ramani tu."

Sikupenda. Nilikuwa mkalimani, si mgonjwa, na nilitaka mpaka huo uheshimiwe. Nesi aliuheshimu. Hakuniuliza tena habari za mke wangu, wala hakunitazama kwa jicho la huruma, na kwa ukweli hilo liliniudhi zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mgeni wetu alikuwa mtaalamu wa mifereji kutoka Ruaha, mtu wa maneno machache, ambaye mkewe alikuwa amerudi kwao kwa kushindwa joto na upweke. Nesi alimuuliza wakiongea kwenye simu huwa wanasemaje. Bwana akachambua mchele muda mrefu. Mwishowe akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba hajui aseme nini. Hilo tu.

Nami nikafungua mdomo nyuma ya kiti chake nikatafsiri: "Sijui niseme nini. Ananiuliza arudi au abaki, namwambia aamue mwenyewe, kwa sababu naogopa nikisema rudi atasema hapana."

Lori lilikuwa limeshapita. Nilijisikia vizuri sana nilipomaliza, na ni hapo nilipojua kwamba kuna kitu nimekosea.

Nesi alimtazama bwana yule, akanitazama mimi. Akampa mgeni chai, akanyanyuka kwa kushika meza, akanipeleka nje kwenye mabati ya duka.

"Huyu bwana amesema kijiko, wewe umeniletea debe. Ya nani ile?"

"Nilifafanua, mama."

"Mwalimu."

"Naam."

"Ya nani?"

Nikasema ulimi uliteleza. Nikasema nimechoka, joto, na mambo mengine ya namna hiyo. Aliyasikiliza yote.

"Humu ndani hutasema neno tena," akasema, "mpaka ile sentensi uipeleke kwa mwenyewe. Yule mle ndani ana shida yake. Humwibii kiti chake."

Kisha akarudi ndani akafunga mlango. Nilibaki kwenye mabati nikisikiliza, jambo ambalo mwenye duka alishindwa, lakini mchana ule barabara ilinyamaza. Nilimsikia akikisema Kiingereza. Kilikuwa kibaya. Vitenzi vilikuja bila wakati, na alipokosa neno aligonga meza mpaka lije. Mgeni alimsahihisha mara mbili. Akajaribu tena. Alikuwa ameamua afadhali yeye aaibike kuliko mtu yule asemewe uongo, na aliaibika kwa saa nzima bila kusimama. Mwishoni nikasikia mtu mzima analia, na haikuwa sauti ya Nesi.

Nilimchukia. Sioni sababu ya kuficha. Nilienda nyumbani nikijiambia kwamba bibi yule amenifukuza kama mtu asiye na kazi, mimi niliyemtumikia miaka yote. Nikasema sitakanyaga tena pale, na sikukanyaga. Muda si mrefu nikasikia kwamba magoti yamemshinda, amefunga chumba, binti yake amemchukua kwenda kukaa naye Magomeni, Kilosa mjini. Sikwenda kumuaga. Wiki hizo ndipo Mama Neema aliponiuliza mara ya tatu. Alisema waajiri wanataka jibu lake kufikia mwisho wa mwezi. Nikasema, fanya unavyoona. Akasema, haya.

Hiyo "haya" haikunitoka kichwani. Nilifundisha vibaya, nilikula vibaya. Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, Jumamosi, niliamka nikavaa shati la pasi nikapanda gari la Kilosa. Lilisimama Ulaya. Wakashuka abiria wawili na mizigo yao, wakapokewa na watoto, nami dirishani nikawaonea wivu.

Magomeni nilielekezwa na mama muuza maandazi. Nesi alikuwa ukumbini, karibu na dirisha la uani, miguu imewekwa juu ya kigoda, na magotini ana daftari la shule. Alikuwa amepungua mwili. Jicho halikuwa limepungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kama nani?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Umeshanisalimia. Kaa."

Nikakaa. Akanionyesha daftari. Limejaa sentensi za Kiingereza, kila moja na kosa lake, na pembeni marekebisho kwa wino wa rangi nyingine. Mafundi wa reli wanakuja sasa, alisema, na hana mkalimani, kwa hiyo wanamsahihisha kila siku.

"Na bado wanalia," akasema. "Miaka yote ile nilikosea. Andika hilo, kama utakuja kuniandika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Machozi yakanilenga na nikamwambia kilichonileta: mwezi unakwisha Jumatatu, sijamjibu Mama Neema, naogopa.

"Unaogopa nini?"

"Nikimwambia rudi, akasema hapana, nitakuwa nimejua."

"Na sasa hivi unaishi vipi kwa kutojua?"

Akangoja. Hapakuwa na lori la kunisaidia. Nilimwambia ninaishi vibaya. Nikamwambia namna ninavyolala upande mmoja wa kitanda, namna ninavyosikia sauti yangu kwenye simu ikiwa na heshima ya karani, namna nilivyokasirika kwamba yeye Nesi alinisikia kabla mke wangu hajanisikia. Nilisema kwa muda mrefu. Nilipomaliza nikatoa simu mfukoni, nikamwomba anipishe kidogo.

"Nikupishe na magoti haya? Toka wewe."

Nikatoka uani. Kulikuwa na kamba ya nguo, banda la kuku, na wasichana wanacheza rede. Nikapiga. Simu ikaita, na nyuma yangu dirishani sauti ya Nesi ikapaa juu ya mtaa mzima.

"Nyie watoto, pelekeni mpira kule. Kuna mtu anaongea na mkewe."

Rede ikasimama. Mama wa maandazi akazima redio. Magomeni yote, naapa, ikanigeukia.

"Baba Neema? Kuna nini saa hizi? Neema mzima?"

"Neema mzima. Niko kwa Nesi, Kilosa."

"Ndiye huyo anayepiga kelele? Mpe shikamoo yangu."

Nikaifikisha. Nesi akaijibu kwa sauti ya kufika Ujerumani bila simu. Mama Neema akacheka, na kicheko chake karibu kiniangushe moyo, kwa sababu nilijua kikiisha itabidi niseme.

"Nataka urudi," nikasema. "Uliponiuliza nilitaka hivyohivyo. Nikajibu vingine."

Nikadhani mtandao umekatika.

"Nilisaini juzi, Baba Neema."

"Si walikupa mpaka mwisho wa mwezi?"

"Nilingoja mwezi mzima unijibu. Juzi nikachoka."

"Miaka mingapi?"

"Miwili."

Nikaegemea banda la kuku. Jibu langu la zamani likaja lenyewe mpaka kwenye meno: haya, sawa, kama ulivyoona. Nikalimeza. Niliona wazi kwamba nikilitoa hilo tena sitapata siku nyingine ya kusimama uani kwa watu.

"Basi nitakuja mimi."

"Uje wapi?"

"Huko uliko."

"Uje ufanye nini? Kijerumani hujui."

"Nitakaa darasani nijifunze. Nitasahihishwa."

"Mimi mchana kutwa nipo kazini. Utakaa ndani peke yako, hujui mtu, nje giza saa kumi. Utanuna, Baba Neema. Nakujua."

"Nitanuna. Nitaosha vyombo, nitanuna, nitakuambia kwamba nimenuna. Sitasema nzuri."

"Na Neema?"

"Tutamuuliza mwenyewe. Akifunga shule nitamuuliza, na wewe ukiwa kwenye simu."

Nikasikia nyayo zake kwenye sakafu ya huko, mlango ukafungwa, sauti za watu zikapotea. Mama wa maandazi alikuwa ameshika kijiko hewani na mafuta yanaungua. Nesi dirishani alikuwa amenipa kisogo, lakini hakuwa amesogea hata hatua moja.

"Subiri," mke wangu akasema. "Nakaa chini."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Haya. Nilipokuuliza mara ya kwanza kabisa, ulitaka kusema nini?"